UZI: Huyu konsaltanti wa barabara analipwa ya nini? Nimekaa maabara ya saiti miaka 11, ulizeni

FundiMaabara_Tororo

Wakuu salamu. Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Tororo, tivii inaonyesha habari za SGR, ile reli mpya ya kisasa, mzee mmoja akasema mimi sielewi kitu kimoja, anayechimba namjua, anayeleta pesa namjua, lakini kila mradi lazima kuna mtu amesimama kando ya Land Cruiser nyeupe ameshika daftari, hachimbi, habebi, halipi, huyo ni nani na analipwa ya nini? Kinyozi nzima ikacheka. Mimi nikajikausha maana wembe ulikuwa shingoni na huyo mtu wa daftari ni mimi. Ila Land Cruiser si yangu.

Basi ngoja nieleze, kwa sababu nimeona hata watu waliosoma wanachanganya.

Mradi una pande tatu. Kuna mwenye mradi, kwa barabara kuu za Uganda ilikuwa UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, tangu 2008 mpaka mwisho wa 2024 iliporudishwa ndani ya wizara ya ujenzi. Kuna kontrakta mwenye greda na tipa. Halafu katikati kuna konsaltanti, kampuni ya mainjinia washauri, na kwenye miradi mikubwa mara nyingi ni ya nje, imeshikana mkono na kampuni moja au mbili za Kampala. Huyu haji na tingatinga hata moja. Mali yake ni vichwa, karatasi na saini. Mwanzo anapima ardhi, anahesabu magari yanayopita, anatoboa udongo, anachora, anaandika idadi ya kila kitu mpaka nguzo za alama. Kontrakta akishapatikana, konsaltanti (mwenye kuchora au mwingine kabisa) anakaa saiti kusimamia. Hapo ndipo mimi nilipoingia, na diploma yangu ya chuo cha ufundi cha UTC Elgon na mabuti ya kuazima.

Sasa niwaonyeshe siku moja. Saa moja asubuhi tunamwaga zege ya kuta za kalavati (njia ya maji chini ya barabara), boma la mbao limefungwa, vyuma vimekaguliwa jana. Gari la zege linafika limezunguka barabarani karibu saa zima. Dereva ameona zege inaanza kukaza akafungulia mpira wa maji ndani, wanafanyaga hivyo sana, na ukimuuliza anaapa kwa mama yake. Mimi natoa koni yangu ya chuma, urefu milimita 300, najaza tabaka tatu, kila tabaka nachoma na fimbo mara 25, nainua taratibu, naangalia zege imeshuka kiasi gani. Mkataba unasema ishuke milimita 75, ukizidisha ukipunguza 25. Ile ikaporomoka kama uji wa mgonjwa. 190. Nikaandika, nikamwambia foromani hii hairuhusiwi kuingia. Akaniita mkwe, akaniita bosi, akaniita majina mengine siwezi kuandika hapa. Gari likarudi, wakaenda kuimwaga kwenye uwanja wa kambi na hadi leo pale pana sakafu ngumu ambayo hakuna aliyeiomba.

Hiyo ndiyo kazi. Ile iliyoingia tunajaza kwenye vibox vya sentimita 15 kila upande, tunalaza majini, siku ya 7 tunavunja kadhaa kwa mashine tuone mwelekeo, siku ya 28 tunavunja zilizobaki na hapo ndiyo hukumu. Kama mkataba umesema nguvu ya zege iwe 30 na imekuja 22, kuta zinabomolewa au zinatafutiwa dawa, na mtu anapoteza pesa nyingi kwa sababu ya namba niliyoandika mimi kwa kalamu ya bluu.

Maramu, ule udongo wa kushindilia chini ya lami, nayo hivyo hivyo. Rola imepita, kontrakta anakuita, unachimba kashimo kadogo kwenye tabaka, unapima uzito wa udongo uliotoka, unamimina mchanga mkavu unaojua uzito wake ili ujue kashimo kana ujazo gani. Ukipata ushindiliaji wa asilimia 93 na inatakiwa 95, arudie. Watu wanaona umechutama juani unamimina mchanga kwenye tundu kama mtoto wanasema huyu kweli amepoteza shule.

Mwisho wa mwezi kontrakta analeta madai yake ya malipo na Injinia Mkazi, yaani mkubwa wa konsaltanti pale saiti, anapitia: umesema umeweka mita 400 za mtaro, mbona sisi tumepima 362? Bila cheti cha malipo chenye saini yake hakuna sente. Haya yote yameandikwa kwenye mikataba ya FIDIC, hilo ni shirikisho la kimataifa la mainjinia washauri, lilianzishwa 1913, vitabu vyao vinaitwa kwa rangi na sisi wa barabara tunaishi na kile chekundu. Chekundu cha 1999 kinasema Injinia ana siku 28 kutoa cheti, mwenye mradi ana siku 56 kulipa tangu Injinia apokee madai, akichelewa riba inaanza kutembea. Na kontrakta anayetaka muda wa ziada kwa mvua au kwa ardhi ambayo hajakabidhiwa lazima atoe taarifa ndani ya siku 28, akisahau imekula kwake. Nimeona mtu mzima analia kwa barua iliyochelewa siku tatu.

Nimemaliza utangulizi, ulizeni.

Boda_Malaba

Mzee asante lakini kama mnapima hivyo vyote mbona barabara ya kwetu ilipasuka baada ya mvua mbili? Au siku hiyo koni ilikuwa imepotea

Sente_za_Umma

😂😂 koni ilikuwa imeenda lanchi

FundiMaabara_Tororo

@Boda_Malaba swali la haki na sitakimbia. Barabara inakufa kwa vitu viwili, uzito na maji. Uzito: mchoraji anahesabu barabara hii kwa miaka 15 au 20 itabebeshwa ekseli ngapi, wewe unakaa Malaba unajua foleni ya malori ya kule kuliko mimi. Lori likizidisha mzigo kidogo uharibifu hauzidi kidogo, unaruka, ule mzigo wa ekseli ukiuongeza mara mbili madhara yanakaribia mara 16. Maji: mtaro ukiziba hata lami ya dhahabu itainuka.

Na kuna cha tatu, sisi wenyewe. Nitawapa kimoja, jina la kampuni na barabara naacha.

Kulikuwa na kalavati kwenye bonde fulani huku mashariki. Mchoro ulitoka ofisi ya ng'ambo, umechorwa vizuri sana, rangi nzuri, bomba moja la kipenyo cha milimita 900. Tunafika kuweka vigingi, mama mmoja mzee anapalilia mihogo akatuangalia weee mpaka akashindwa, akasema wanangu mnaweka mlango mahali ambapo mgeni hapitiagi. Akatuonyesha mita kama 60 kule mbele, kwenye matete, akasema mwaka ule wa mvua kubwa nilipokuwa na mimba ya huyu (akamwonyesha mwanamume wa ndevu) maji yalipitia hapa yakabeba ng'ombe. Mimi na mpimaji tukashusha levo, kweli kabisa, pale kwenye matete ndiyo palikuwa chini. Mchoraji alitumia ramani ya setilaiti, na setilaiti ilisoma vilele vya miti ya mikaratusi ikadhani ni ardhi.

Nikaandika memo. Injinia Mkazi wa wakati ule, mgeni, si mtu mbaya, akasema ni kweli lakini nikibadilisha mchoro lazima niandikie makao makuu, wakubali, bei ibadilike, mwenye mradi aidhinishe, miezi minne hiyo, na kontrakta atadai muda. Bomba likawekwa pale pale. Mvua ya pili ikakata barabara kwenye matete. Tukaja kuweka mabomba matatu kwa bei ambayo sipendi hata kuikumbuka. Yule mama hakutucheka, alituuzia mihogo.

Mwalimu_wa_Jinja

Ndugu FundiMaabara umenigusa, hiyo ya mama na matete ndiyo historia ya mto wetu wote. Samahani nitaandika kirefu, nimestaafu sina kazi.

Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale, mainjinia washauri wake walikuwa Sir Alexander Gibb & Partners wa London, kampuni iliyoanza 1922. Malkia Elizabeth alikuja mwenyewe kulifungua Aprili 1954, baba yangu alikuwa kwenye umati na bendera ya karatasi. Mashine 10 za megawati 15, jumla 150, baadaye zikakarabatiwa zikafika 180. Na juu ya bwawa barabara, ndiyo hiyo tumepanda na kushuka miaka 64.

Sasa wale wazee wa London walipiga hesabu ya maji kwa rekodi za ziwa zilizokuwepo. Ikafika mwishoni mwa 1961. Mvua ikanyesha Afrika Mashariki kama imetumwa, na kufika 1964 ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mita mbili za ziwa zima, fikirieni. Bandari zikamezwa, vijiji vikahama. Na ziwa halikurudi haraka, likakaa juu miaka na miaka, maji mengi yanatoka Jinja bila kupita kwenye mashine kwa sababu makubaliano na Misri yalitaka maji yaachiwe kana kwamba bwawa halipo. Ndipo likaja wazo la kuchimba mfereji na kujenga kituo cha pili pembeni, Kiira, megawati 200. Konsaltanti wake akawa Acres wa Canada. Kiira ikaanza kutoa umeme 2000, na haikupita muda ziwa likashuka! 2005 na 2006 wote mnakumbuka mgao, Kampala nzima inanguruma jenereta. Halafu Mei 2020 likapanda tena mpaka likaifikia ile rekodi ya 1964, watu wa ufukweni wakalala na samaki sebuleni.

Je, Gibb walikosea? Mimi naona walitumia karatasi walizokuwa nazo. Swali langu kwako ni hili, kuna mtu aliyewauliza wavuvi?

FundiMaabara_Tororo

Mwalimu shikamoo. Hapo sina jibu, 1950 mimi sikuwepo 😀 lakini napenda umesema karatasi walizokuwa nazo. Konsaltanti akifika mahali kitu cha kwanza anachoomba ni rekodi za mvua, na kituo cha mvua unakuta kilisimama miaka mingi iliyopita kwa sababu askari wake alistaafu na geji ikageuzwa kuwa ya kunyweshea kuku. Basi anachukua kituo cha wilaya ya jirani, anazidisha, anagawanya.

Na jina la Gibb, kwa wanaopenda kufuatilia, lilimezwa na Jacobs wa Marekani mwaka 2001. Hizi kampuni zinamezana kama sangara. Acres nayo ilichukuliwa na Hatch. Unaweza kufanya kazi miaka kumi kwa kampuni tatu bila kuhama kiti.

Sente_za_Umma

Kabla hamjaendelea kuwapamba hao Acres, mwalimu, tuseme yote. Mahakama ya Lesotho iliwatia hatiani 2002 kwa rushwa ya mradi wa maji wa milimani, na Benki ya Dunia ikawafungia miaka 3 tangu 2004. Lahmeyer wa Ujerumani naye hivyo hivyo, hatiani kule kule, akafungiwa 2006. Hao ndio washauri wa kimataifa wanaokuja kutufundisha uadilifu kwa sivi (karatasi za wasifu wa kazi) zenye picha za tai.

Na hapa kwetu barabara ya Mukono–Katosi, shilingi bilioni 24 na ushee zikalipwa advansi, yaani malipo ya awali, kwa kampuni yenye jina la Kimarekani na wenye jina lao kule Marekani wakasema hatuwajui hao. Konsaltanti alikuwa wapi?

FundiMaabara_Tororo

@Sente_za_Umma yote uliyosema ni kweli na yako kwenye rekodi. Ya Lesotho mimi naona imesaidia, kabla yake walifungwa wapokeaji tu, watoaji wanapanda ndege wanarudi kwao. Siku hizi kampuni kubwa zinaogopa kufungiwa na Benki kuliko zinavyoogopa jela, maana ukifungiwa huko na mabenki mengine ya maendeleo yanakufungia.

Ya Katosi ni tofauti. Advansi inatoka mwanzo kabla hata tipa moja halijamwaga kifusi, koni yangu haina cha kupima hapo. Kazi ya kuuliza hii kampuni ni nani ilikuwa mezani kwa waliotoa tenda. Msituwekee mzigo usio wetu, tuna wetu wa kutosha.

Mfano wa wetu: sivi. Tenda za ushauri pointi nyingi ziko kwenye ubora na chache kwenye bei, na ubora maana yake ni watu. Kwa hiyo kampuni inaweka sivi ya mzee wa miaka 30 ya uzoefu, ameshajenga daraja Asia, ameshajenga handaki Ulaya, inashinda. Mkataba ukisainiwa, mzee amepata maradhi ya ghafla. Analetwa mwingine "mwenye sifa sawa". Huyo naye anakaa miezi miwili anaenda likizo, na anayeendesha kazi siku zote ni Mganda aliyeandikwa kwenye kabrasha kama msaidizi. Namjua injinia mmoja amekuwa msaidizi kwenye barabara nne mfululizo. Mabosi zake watano wamemkuta na kumwacha. Riporti zote anaandika yeye, jalada linakuja na nembo ya huko.

Dereva_wa_Gulu

Mie nauliza tu, lile daraja la Karuma walipolifunga Septemba 2024 mpaka Desemba tukazungushwa porini, na lilijengwa 1963. Mlikuwa hamuoni kabla?

FundiMaabara_Tororo

Daraja huwa linaonekana, ndugu. Linachunguzwa, inaandikwa riporti, riporti inasema zuia mizigo mizito na tengeni bajeti, riporti inakaa kabatini. Sisemi ya Karuma hasa, sikuwemo, nasema ya madaraja niliyokanyaga mwenyewe. Konsaltanti ana haki ya kuandika tu, hana haki ya kufunga barabara.

Ukitaka kuona kazi tamu simama kwenye daraja jipya la Jinja, lile la nyaya, mita 525, kati ya mnara na mnara mita 290 hakuna mguu majini. Mkopo wa Japani, wasimamizi wakiongozwa na Oriental Consultants, kontrakta Zenitaka na Hyundai, likafunguliwa Oktoba 2018. Jamaa yangu alikuwa fundi pale, anasema Mjapani mmoja alimrudisha mara tatu kusafisha vumbi ndani ya boma la mbao kabla ya kumwaga zege. Vumbi! Alimtukana moyoni mwaka mzima, leo akipita pale na watoto anasimamisha gari.

Boda_Malaba

hairuhusiwi kusimama pale

FundiMaabara_Tororo

Anapunguza mwendo basi 😂

Dada_wa_Viwanja

Naona mnaongea zege na zege, wanaume bwana. Mimi niko upande mwingine wa hiyo hiyo kampuni, naitwa mtaalamu wa jamii, kazi yangu ni kutembea mbele ya greda na kuhesabu. Nahesabu migomba shina kwa shina, mikahawa mikubwa na midogo, vyoo, mabanda ya kuku, makaburi. Kaburi ndilo gumu. Mzee anakwambia hili la baba litahamishwa na mbuzi mweupe, hili la babu haliguswi, na mchoro unapita katikati ya babu. Hapo injinia wa laptopu anakuuliza kwa nini umechelewa.

Zamani hii kazi haikuwa na heshima, tulikuwa tunawekwa kwenye bajeti mwisho kama chumvi. Kilichobadilisha ni Fort Portal–Kamwenge. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta mradi mzima, dola milioni 265, kwa sababu wafanyakazi wa kontrakta waliwaharibu wasichana wadogo, wengine wakiwa wanafunzi, na fidia na usalama wa watu ulikuwa hovyo. Lami haikuwa kosa. Watoto ndio walioumia na barabara ikakosa pesa. Tangu hapo kila tenda inataka mtu wa jamii, mtu wa mazingira, kamati ya malalamiko kijijini, mikutano na wanawake peke yao bila mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kukaa pembeni anakohoa.

Lakini nikwambieni, bado kuna Injinia Mkazi mmoja mwaka juzi aliniambia dada wewe andika riporti nzuri tu, malalamiko yakizidi tutaonekana wabaya. Kwenye daftari kulikuwa na malalamiko 41. Nikayaandika yote 41. Mkataba wangu uliisha Juni haukuongezwa, nikapata kwingine.

Mwalimu_wa_Jinja

Dada Mungu akubariki kwa hayo 41.

Kijana_Kyambogo

Habari zenu wakubwa. Nipo mwaka wa mwisho uinjinia wa sivil hapa chuo kikuu cha Kyambogo. Naomba kuuliza nawezaje kuingia kampuni za konsaltanti za nje na je ni bora kuliko kontrakta? Nasikia kwa konsaltanti hakuna kuchafuka

FundiMaabara_Tororo

Mwanangu aliyekudanganya hakuna kuchafuka mlete kwangu maabara.

Ushauri wangu, anza kwa kontrakta miaka miwili. Ukishajua foromani anavyoficha tope chini ya maramu nzuri, ukija kusimamia hutadanganywa. Nimeona vijana wazuri wa darasani wanaletwa kukagua vyuma, wanahesabu wanatoka, hawajainama kuangalia kama kuna nafasi ya zege chini ya chuma. Anza na daftari la kazi zako mapema kwa ajili ya bodi ya usajili ya mainjinia, usisubiri ukumbuke baada ya miaka, na mkubwa wako asaini kabla hajahama. Anahama kweli.

Kuingia kampuni za nje, huingii kwa mlango wa huko ng'ambo, unaingia kwa kampuni ya Kampala iliyoshikana nao. Na ujue kazi inaisha na mradi. Leo una nyumba ya kambi, mpishi na gari la kukupeleka saiti, kesho cheti cha kukabidhi kimesainiwa uko nyumbani unamuuliza mkeo sukari iko wapi. Mimi katika miaka 11 nimekaa bila kazi jumla kama miaka miwili na nusu, nimeuza kikomando (chapati na maharage) stendi ya Mbale, sioni aibu.

Jifunze kuandika barua. Sitanii. Kiingereza cha mkataba na Kiswahili cha foromani, vyote viwili. Saiti za hapa unakuta Mturuki, Mhindi, Mkenya, Mteso na Msamia, lugha inayowakutanisha kwenye mtaro ni Kiswahili, kibovu lakini kinafika.

Kijana_Kyambogo

Asante sana mzee. Na hii SGR wanachukua watu?

FundiMaabara_Tororo

Mkataba ulisainiwa Oktoba 2024 na Yapı Merkezi, Malaba mpaka Kampala kilomita 272, kazi kama hiyo inataka wapimaji na watu wa udongo wengi tu. Peleka karatasi zako mwenyewe, usimpe sente mtu yeyote anayesema anamjua meneja. Ukisikia "fomu ya elfu hamsini" kimbia.

Mzee_Shamba_Iganga

Mimi nina swali kwa huyo dada wa viwanja. Nimesoma uzi wote na miwani ya mjukuu. Kuna mradi sitautaja, walikuja kwangu wakapaka rangi nyekundu kwenye miti, wakahesabu mikahawa 120 na mvule mmoja, nikasaini fomu, nikaambiwa usipande kitu kipya. Huu ni mwaka wa tatu. Sipandi, silipwi. Nifanyeje?

Dada_wa_Viwanja

Shikamoo baba. Pole sana, hiyo naijua.

Kwanza hiyo fomu uliyosaini, nakala unayo? Kama huna nenda kwa LC1, huwa wanaachiwa moja. Katiba kifungu cha 26 inasema fidia iwe ya haraka, ya haki, na ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Kwa hiyo usikubali greda iingie kwa ahadi.

Pili bei. Mazao yanathaminiwa kwa orodha ya bodi ya ardhi ya wilaya, na ile orodha inatakiwa iangaliwe upya kila mwaka. Ukiwa ulihesabiwa kwa orodha ya miaka mitatu nyuma omba kwa maandishi wathamini upya. Mwandikie konsaltanti wa mradi, nakala kwa wizara, nakala kwa ofisi ya mthamini mkuu wa serikali. Kwa maandishi baba, ya mdomo hayapo.

Tatu kuna posho ya usumbufu juu ya fidia, Sheria ya Ardhi inasema asilimia 15, na kama watakupa notisi ya chini ya miezi sita kuhama inakuwa 30. Wengi hawaambiwi hiyo 30. Angalia tarehe ya notisi.

Na mvule, uliandikwa kama mti mkubwa au mdogo? Kuna tofauti kubwa sana ya bei.

Mzee_Shamba_Iganga

Waliandika wa kati.

Dada_wa_Viwanja

Watu wazima wawili wakiukumbatia mikono inakutana?

Mzee_Shamba_Iganga

Haikutani. Mimi na kaka yangu tulijaribu tukiwa vijana, haikukutana hata wakati ule.

Dada_wa_Viwanja

Basi pigeni picha leo mkiukumbatia, wewe na mtu mwingine mzima, LC1 awepo na aandike tarehe. Nitumie inboksi nikusaidie kuandika barua.

FundiMaabara_Tororo

Mzee na futi ya kupimia chukua, zungusha usawa wa kifua, andika namba kwenye hiyo picha. Wakikuuliza nani kapima waambie fundi wa maabara kasema.

Mzee_Shamba_Iganga

Mjukuu ameenda kumwita mwenyekiti sasa hivi. Futi tunayo ya fundi cherehani, inafaa?

FundiMaabara_Tororo

Inafaa sana.